Mtoto Amepangiwa Sekondari Ndogo ya Kata: Namna ya Kuipima na Kuitumia

Majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yakishatoka, wazazi wengi wa Bahi, Chamwino, Chemba au Mpwapwa hufanya moja kati ya mawili: wanaipokea shule ya kata bila kuuliza chochote, au wanaanza kuhangaikia uhamisho wa kwenda Dodoma mjini kabla hata ya kuiona. Pande zote mbili wanakurupuka. Sekondari ndogo ya kijijini ina mambo ambayo shule ya wanafunzi elfu moja na zaidi haiwezi kumpa mtoto, na ina mapengo ambayo bidii ya mtoto peke yake haiyazibi. Cha kufanya ni kujua mapema shule hiyo ina nini na haina nini, kwa sababu katika shule ndogo kila kitu kimebebwa na mtu. Mwalimu wa kemia akiwepo, kemia ipo. Akihama, kemia imehama naye.

Shule ndogo tunayoizungumzia hapa ni ile yenye mkondo mmoja au miwili (yaani darasa moja au mawili) kwa kila kidato na walimu wasiofika ishirini. Nyingi zilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004, ulioleta sekondari kwenye kata. Nyingine ni mpya kabisa, zimejengwa miaka ya karibuni kwa SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, na baadhi hazijafikisha darasa la kidato cha nne.

Anza na matokeo, ila yasome mwenyewe

Tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA) ina matokeo ya kila shule, na gharama yake ni bando tu. Fungua matokeo ya kidato cha nne ya miaka mitatu mfululizo. Usiishie kwenye divisheni wani ngapi na ziro ngapi. Shule ikiwa na watahiniwa 20, mtoto mmoja ni asilimia 5 nzima. Darasa moja lenye vichwa, au moja lililoyumba, linaipandisha au kuishusha shule bila ufundishaji kubadilika hata kidogo. Ndiyo maana mwaka mmoja hautoshi.

Habari yenyewe iko kwenye safu ya masomo. Kila mtahiniwa ameandikiwa masomo aliyofanya na alama aliyopata. Tafuta fizikia na kemia. Kama kwa mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyezifanya, shule hiyo haina sayansi, hata kama kuna majengo matatu yaliyoandikwa maabara mlangoni. Kama walizifanya watano na wote wakapata F, huenda mwalimu alikuja na kuondoka, au vitendo havikufanyika. Kisha angalia hisabati. Ukikuta C tatu au nne kila mwaka katika shule ndogo, ujue pale kuna mwalimu wa kweli, na jina lake litafute kabla ya jina la mkuu wa shule.

Kuna kipimo kingine ambacho wazazi wachache hukifanya. Chukua orodha ya upimaji wa kidato cha pili ya mwaka mmoja, uilinganishe na ya kidato cha nne ya miaka miwili mbele. Mathalani ya 2022 na ya 2024. Ukikuta waliofanya kidato cha pili walikuwa 60 na waliofika cha nne ni 35, kuna 25 walioishia njiani. Baadhi walirudia kidato, baadhi walihama. Waliobaki waliacha shule, na sababu za kuacha katika eneo hilo ndizo zitakazomkabili mwanao: umbali, njaa, mifugo, mimba, kwenda kutafuta kazi mjini. Muulize mkuu wa shule. Anayeijua shule yake atakutajia sababu kwa utulivu, kijiji kwa kijiji.

Shule mpya isiyo na matokeo ya kidato cha nne haipimiki hivi. Hapo utategemea matokeo ya kidato cha pili, kama yapo, na hesabu ya walimu inayofuata.

Hesabu walimu kwa somo

Kuambiwa "tuna walimu kumi na wanne" hakukusaidii kama tisa kati yao ni wa historia, jiografia na Kiswahili. Vijijini hali ndiyo hiyo mara nyingi: wa sanaa wanatosha hadi kugawana vipindi vichache, wa hisabati na sayansi anatafutwa mmoja. Nenda shuleni siku ya kazi, wakati wa mapumziko ya asubuhi, umwone mwalimu wa taaluma, uombe kuiona ratiba. Iko ukutani, haina siri.

Kisha piga hesabu. Chukua somo lenye vipindi vitano kwa wiki. Shule yenye mkondo mmoja ina vidato vinne, kwa hiyo ni vipindi 20. Mwalimu mmoja anavimudu, anasahihisha, na muda wa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja unabaki. Shule yenye mikondo miwili inakuwa na vipindi 40. Wiki nzima ya shule ina vipindi 40 au 45, kwa hiyo mwalimu huyo mmoja hawezi, na kinachotokea ni mikondo kuunganishwa, kidato cha kwanza na cha tatu kuachiwa notsi za kunakili, na nguvu zote kwenda kwenye madarasa ya mtihani. Kwa hiyo shule ya mkondo mmoja yenye mwalimu mmoja wa hisabati ni bora kuliko ya mikondo miwili yenye mwalimu mmoja, ingawa hiyo ya pili inaonekana imekua.

Swali la kumuuliza mwalimu wa taaluma ni hili: huyu mmoja akiondoka, nani anashika? Kuondoka si jambo la kufikirika. Likizo ya uzazi pekee ni siku 84, ambazo zinameza sehemu kubwa ya muhula. Kuna kwenda masomoni, kuna uhamisho wa kumfuata mwenza. Shule iliyojipanga itakuambia kwamba ina mwalimu wa kujitolea, au inaazima mwalimu kutoka sekondari ya kata jirani siku mbili kwa wiki, au mkuu wa shule huomba walimu wa mazoezi kutoka vyuo, na Dodoma ina bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) karibu. Shule isiyojipanga itakuambia "tumeandika barua halmashauri". Barua ni lazima iandikwe, lakini haifundishi. Hapo bodi ya shule na wazazi wa kidato husika wakae mapema na kukubaliana nauli na posho ya mwalimu wa kuazima, kabla pengo halijafika mwezi mmoja. Mada za kemia na hisabati zinajengana, na darasa likikosa moles (kipimo cha kiasi cha kemikali) kwa wiki sita, halitaelewa mahesabu yote yanayofuata.

Somo la nane

Hili wazazi hulijua wakati matokeo yameshatoka. Divisheni hupangwa kwa masomo saba bora: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne.

Katika shule isiyo na fizikia, kemia wala masomo ya biashara, mtoto hubaki na uraia, historia, jiografia, Kiswahili, Kiingereza, baiolojia na hisabati. Ni saba kamili, hakuna la akiba. Akipata C sita na F ya hisabati, ana pointi 23, divisheni ya tatu. Akiwa na somo la nane lenye C, ile F inaachwa nje, anakuwa na 21, na hiyo ni ya pili. Mtoto ni yuleyule na akili zilezile. Shule ndiyo iliyomnyima nafasi ya kuteleza mara moja. Walioingia kidato cha kwanza kuanzia 2025 wako kwenye mtaala ulioboreshwa na baadhi ya masomo yamebadilika, ila swali la kuuliza ni lilelile: shule inafundisha masomo mangapi kwa uhakika, na zaidi ya saba ni yapi?

Somo la dini linaweza kuwa la nane, na shule nyingi ndogo hulitumia hivyo kwa sababu padri, mchungaji au ustadhi yupo jirani. Ila lisitegemewe kwa kidato cha tano, kwani zile C tatu zinazotakiwa hazihesabu masomo ya dini. Na anayetaka udaktari, uhandisi au kilimo cha chuo kikuu lazima awe na masomo ya sayansi kama fizikia, kemia na baiolojia yenye alama. Shule kama haina, uamuzi wa kubaki au kuhama ufanyike kabla mtoto hajaanza kidato cha tatu.

Maabara ni vifaa na mikono

Vyumba vya maabara vilijengwa kwa wingi baada ya agizo la Rais Kikwete kwamba kila sekondari ya kata iwe na vitatu. Jengo lisikutulize. Omba mlango ufunguliwe. Angalia kama meza zina vumbi, kama kuna bureti na pipeti (mirija ya kioo ya kupimia kemikali) nzima, kama mtungi wa gesi una gesi, kama chupa za kemikali zina lebo zinazosomeka, na maji yanatoka wapi, maana Dodoma bomba la maabara mara nyingi ni pambo. Kisha uliza kidato cha tatu walifanya vitendo mara ngapi muhula uliopita. Wanafunzi wanaoingia maabara kwa mara ya kwanza wiki mbili kabla ya mtihani hawashindwi kwa kutojua kemia. Wanashindwa kusoma bureti.

Hapa shule ndogo ina ushindi wake mkubwa, kama kuna mwalimu. Watoto 16 wa sayansi kwenye bureti nne ni wanne wanne, kila mmoja anashika. Mjini wanaweza kuizunguka moja wakiwa kumi, wawili wanafanya na wanane wanaandika majibu.

Vitendo vingi havisubiri fedha. Kwa kanuni ya Hooke inatosha springi, rula na mizigo yenye uzito unaojulikana; pakiti za majani ya chai za gramu 50 zinafaa kabisa. Kwa pendulamu tumia uzi, jiwe dogo na saa ya simu: pima mizunguko 20, gawanya, badilisha urefu, rudia. Wanga hupimwa kwa iodini ya duka la dawa kwenye ugali au kipande cha muhogo. Taitresheni, yaani kupima asidi kwa besi, ndiyo haina mbadala: asidi, besi na bureti vinunuliwe, na vinunuliwe mapema, si Oktoba.

Faida zisizojileta

Katika shule ya watoto 180, mwalimu anajua nani ni mtoto wa nani, nani hakuja jana na nani anakuja na njaa. Hiyo ni faida kubwa, lakini hulala kama mzazi haitumii. Nenda umwone mwalimu wa darasa mara mbili kila muhula, bila kuitwa. Uliza mambo matatu tu: siku alizokosa, daftari gani halijasahihishwa, na somo gani linamshinda. Usiulize "anaendeleaje", utajibiwa "anajitahidi".

Mtoto naye afundishwe kuingia ofisini. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa mwalimu, na mtoto wa kijijini atakaa na swali lake wiki nzima. Shikamoo, halafu swali, halafu asante. Mwalimu wa shule ndogo anayeishi nyumba ya shule au amepanga kijijini anapatikana hata saa kumi jioni, na hapo mtoto anapata bure kile ambacho wenzake wa mjini wanalipia tuisheni.

Faida hii ina upande wake mbaya. Kijiji kinajuana, na mtoto aliyekosana na mwalimu mmoja hana mwingine wa somo hilo wa kukimbilia. Ugomvi wa mzazi na mwalimu juu ya mpaka wa shamba unaweza kuingia darasani. Jambo likifika hapo, pita kwa mkuu wa shule, kisha afisa elimu kata; usilimalize kilabuni.

Hatari nyingine ni namba moja ya uongo. Kuwa wa kwanza kati ya 30 kunalewesha. Mtihani wa moku, yaani wa majaribio, wa wilaya au wa mkoa ndio unaoonyesha ukweli, kwa hiyo omba matokeo yake yote, uone mtoto ni wa ngapi nje ya shule yake. Akiwa wa kwanza darasani na ana D ya hisabati kwenye moku, bado ana D. Apewe mitihani iliyopita ya NECTA, aifanye kwa saa, na isahihishwe na mtu mwingine.

Kiingereza kwa mtoto wa lugha tatu

Mtoto wa Mvumi, Kwamtoro au Kolo anaongea Kigogo, Kisandawe au Kirangi nyumbani, alisoma msingi kwa Kiswahili, na Januari anakutana na baiolojia kwa Kiingereza. Kuna wiki za matayarisho mwanzoni mwa kidato cha kwanza. Shule isiyozichukulia kwa uzito, ziba pengo mwenyewe. Daftari moja dogo, maneno kumi kwa siku kutoka kwenye masomo ya siku hiyo, maana yake kwa Kiswahili na sentensi moja. Siku tano kwa wiki ni maneno 50. Muhula ukiisha amepita 800. Aanze na maneno yanayoamuru swali, kwa sababu wengi hujua jibu lakini hawajui kama wametakiwa kutaja, kueleza au kulinganisha, na alama zinaondoka hapo.

Vitabu visiwe kisingizio. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada bure; simu moja ya mzazi ikishavipakua mjini, vinasomwa kijijini bila mtandao.

Njia, makorongo na geto

Kilomita tano kwa mguu ni saa moja na robo, kwenda tu. Zaidi ya hapo, tafuta baiskeli au hosteli. Lakini usipime umbali Septemba wakati njia ni kavu. Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na korongo lenye mchanga mweupe Septemba linaweza kujaa Februari kwa mvua iliyonyesha mbali, huku kwenu jua linawaka. Uliza kuna makorongo mangapi njiani, na watoto waliopita walikosa siku ngapi. Mkubaliane na mtoto kwamba korongo likijaa halivukwi, na kuwe na nyumba ya ndugu upande wa shule atakapolala.

Hosteli ikaguliwe usiku. Kama matroni halali humo, hiyo si hosteli. Angalia choo, taa, maji ya kuoga na kitasa cha mlango.

Kupanga chumba, yaani geto, liwe chaguo la mwisho, na kwa msichana liepukwe kabisa kama kuna njia nyingine. Ikibidi, kiwe ndani ya nyumba ya familia inayojulikana, akae na mwanafunzi mwenzake wa jinsia yake, na mkuu wa shule pamoja na mwenyekiti wa kitongoji wajue anaishi wapi. Peleka chakula kila wiki: unga, maharage, dagaa, mafuta, sabuni. Wiki ambayo unga umeisha ndiyo wiki ambayo bodaboda au mwenye duka anaonekana mtu mwema. Kumpa mwanafunzi mimba ni kosa la miaka 30 jela, na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Mzazi asikubali kuambiwa vinginevyo.

Chakula cha mchana

Ada ya shilingi 20,000 ya kutwa iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi. Shule ndogo isiyo na chakula hufundisha hadi saa sita. Baada ya hapo watoto wapo kwa macho tu.

Kisio: mwanafunzi mmoja gramu 250 za mahindi na 60 za maharage kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 48.5 za mahindi, karibu debe mbili na nusu, na kilo 11.6 za maharage. Kinachokwamisha si kiasi, ni tarehe. Shule nyingi hudai Januari, mwezi ambao ghala la Mgogo liko tupu na watu wako shambani kwenye palizi. Wazazi wapitishe mkutanoni kwamba chakula cha mwaka ujao kikusanywe Juni na Julai baada ya mavuno, kiwekwe stoo yenye funguo mbili, moja kwa mwalimu na moja kwa mjumbe wa wazazi. Na mtama upokelewe. Kudai mahindi pekee katika nchi ya mtama na uwele ni kuomba njaa. Asiyeweza kutoa kabisa apangiwe kuni au maji. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango.

Kama bado unataka kumhamisha

Sababu za kuhama zinazoeleweka ni chache: hakuna sayansi na mtoto anaihitaji, somo la lazima limekosa mwalimu muhula mzima bila mpango, au usalama wake njiani au anakolala. Wakati mzuri ni mwisho wa kidato cha kwanza, au mara tu baada ya matokeo ya kidato cha pili. Baada ya kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, usijaribu.

Anza na shule unayotaka aende, si anayotoka. Pata kwanza maandishi ya mkuu wake kwamba nafasi ipo. Kisha andika barua kwa mkuu wa shule ya sasa, ukieleza sababu kwa mistari mitano, na maombi yapite halmashauri. Akienda mkoa mwingine, ofisi ya mkoa nayo itahusika. Kabla hujaondoka na mtoto, hakikisha kumbukumbu zake kwenye mfumo, pamoja na namba yake ya PReM (namba ya utambulisho wa mwanafunzi), zimehamishwa na si kuandikiwa barua tu, na uchukue nakala ya alama zake za mihula yote. Alama za shuleni zinaingia kwenye matokeo ya mwisho, na zikipotea kati ya shule mbili, kuzitafuta kidato cha nne ni kazi ya nauli nyingi.